Fumba Jicho, Usilivunje

Ndugu mtahiniwa,

Methali hii umeikariri tangu shule ya msingi: "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho." Wengine husema "fumba lako jicho". Darasani huwa tunazichukua kauli hizi mbili kuwa ni kitu kimoja. Tunaandika maana, tunasonga mbele. Nami niliifundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Tofauti ya kuvunja na kufumba niliijua nikiwa mbali na nyumbani, baada ya kumliza mtu ambaye hakunikosea lolote.

Nilikuwa na miaka 28 nilipochaguliwa katika mpango wa Fulbright, unaowapeleka walimu vijana kufundisha lugha zao katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Nikapangiwa kufundisha Kiswahili katika mji mmoja wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Chicago. Nilifika mwezi Agosti, jua likiwaka kama la kwetu.

Wiki za kwanza kila kitu kilinipendeza. Maktaba ilikuwa wazi hadi usiku, basi lilifika dakika ileile iliyoandikwa kituoni, na maji ya bomba yalinyweka bila kuchemshwa. Nilituma picha nyumbani kila siku. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alilieleza jambo hili katika mhadhara wake mjini Rio de Janeiro mwaka 1954. Alisema mgeni katika nchi ya watu hupita hatua kadhaa: kwanza huwa kama yuko kwenye fungate, kisha huingiwa na hasira na kinyongo dhidi ya wenyeji, kisha huanza kuelewa, mwisho huzoea. Hali hiyo huitwa mshtuko wa kitamaduni. Wakati ule sikuwa nimemsoma Oberg, nikadhani fungate ndiyo maisha yenyewe.

Mshtuko wangu ulianza na salamu. Mtu alinipita kwenye korido akaniuliza habari yangu. Nikasimama nimjibu, nami nimuulize habari za nyumbani kwake. Nilipofungua mdomo, alikuwa ameshafika mlangoni. Nikajiuliza, kama hataki jibu, ameuliza ya nini?

Darasani ikawa vigumu zaidi. Siku ya kwanza niliingia, nikasimama mbele, nikangoja wanafunzi wasimame. Hakuna aliyesimama. Mmoja alikuwa anakula mkate, mwingine amevaa kofia, na kijana mmoja aliyekaa mbele akaniita kwa jina langu tupu, kama ananiita mdogo wake. Wewe unajua hilo lina uzito gani. Kwetu hata mama yangu mzazi, tukiwa mbele za watu, huniita Mwalimu.

Siku nyingine wenzangu waliniambia, "Twende tukale." Nikaenda kwa furaha, nikaagiza samaki. Chakula kilipoisha, kila mtu akaletewa hesabu yake. Kwetu anayekualika ndiye anayelipa. Nililipa samaki yule kwa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya nauli ya wiki nzima.

Kisha baridi ikaja. Mwanzoni mwa Desemba jua lilizama saa kumi na nusu alasiri. Mwezi uliotangulia walirudisha saa nyuma, na tofauti ya saa kati yangu na nyumbani ikatoka nane hadi tisa. Nikimaliza kazi saa kumi na mbili jioni, kwa mama ni saa tisa za usiku, wamelala. Sikuwa na wa kuzungumza naye, basi nikawa nazungumza na kinyongo changu. Nilijiambia, "Watu hawa hawana adabu." Nilisema hivyo mara nyingi mpaka nikaamini. Nikaacha kutabasamu darasani.

Kulikuwa na msichana mmoja ambaye sikuwa na kinyongo naye. Alikaa nyuma, alikuwa mpole, na alijifunza kuliko wote. Januari tulipofungua chuo baada ya likizo ya Krismasi, nilimwona anaingia, nikafurahi kwa dhati. Nikamwambia kwa Kiswahili, mbele ya wenzake: "Karibu! Umenenepa, umependeza!"

Kitenzi kunenepa nilikuwa nimekifundisha mimi mwenyewe mwezi Novemba, katika somo la kueleza sifa za watu. Kwa hiyo alielewa vizuri kabisa. Uso wake ulibadilika. Alikaa kidogo, akakusanya vitabu, akatoka. Hakurudi kwa wiki mbili.

Nilimwandikia kumuuliza kama anaumwa. Alikuja ofisini, akakaa karibu na mlango, akaanza kulia. Aliniambia kwamba kwa miaka mingi amekuwa akiogopa chakula, na kwamba amepigana na nafsi yake ili aweze kula kama watu wengine. Akasema darasa langu lilikuwa mahali pekee ambapo aliamini hakuna mtu anayetazama mwili wake.

Sikupata neno. Nilimwomba radhi kwanza. Kisha nikamweleza kwamba kwetu mtu akirudi amenenepa, maana yake kwao kulikuwa na amani, chakula kilikuwepo na watu walimpenda. Nilikusudia kumwambia hayo tu. Alinisikiliza, akafuta machozi, akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Na sisi, tumekuumiza kwa lipi?"

Nikamweleza kuhusu kusimama na kuhusu jina langu. Alishangaa sana. Akasema, "Siku ya kwanza ulituandikia jina lako ubaoni. Tulidhani unataka tukuite hivyo. Kwetu, mwalimu akikuruhusu umwite jina lake, amekuweka karibu naye."

Ndugu mtahiniwa, miezi mitano nilikuwa nimebeba kinyongo kwa jambo ambalo wao waliliona ni upendo. Nami, kwa jambo nililoliona ni upendo, nilikuwa nimemjeruhi mtu. Kosa langu na lao lilikuwa moja. Tofauti ni kwamba langu nilitaka lisamehewe kwa sababu ya nia yangu, na lao sikuwahi kuwauliza nia yao.

Wiki iliyofuata msichana yule aliingia darasani akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba. Wenzake wakafuata mmoja mmoja. Sikuwa nimewaagiza. Nami nikaacha kungoja wasimame, na sikuzungumzia tena mwili wa mtu yeyote kwa muda wote niliokaa kule.

Hapo ndipo nilipoielewa methali. Aliyefumba jicho anaweza kulifumbua akirudi kwao. Aliyelivunja amepoteza kitu chake. Hili la pili nalo nusura linipate. Mwezi mmoja baada ya kurudi nyumbani, jirani yetu aliingia wakati wa chakula cha mchana, akavuta mkeka, akanawa mikono. Alipoondoka, nilimwambia mama, "Kwani hakuweza kupiga simu kwanza?" Mama alinitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, tangu lini mtu akapiga simu kuja kula kwetu?" Nikaona aibu. Niliikumbuka methali nyingine uliyoisoma, kwamba mwacha mila ni mtumwa.

Baada ya mtihani huu mtatawanyika. Wengine mtapangiwa kidato cha tano katika mkoa ambao hamjawahi kuukanyaga, wengine mtakwenda vyuoni au kutafuta kazi, na wachache mtavuka mipaka. Si lazima upande ndege ili ushtuke. Hata bweni la mkoa mwingine linatosha. Siku utakapojikuta unasema "watu hawa hawana adabu", simama hapo. Waulize jambo hilo kwao lina maana gani. Kisha uliza lile gumu zaidi, kwamba wewe nawe unawaumiza kwa lipi. Usingoje mtu alie ndipo uulize.

Na methali hii ikitokea katika karatasi ya insha, usiishie kuandika maana yake na matumizi yake. Tafuta siku moja ulipokuwa mgeni mahali, hata kama ni kwa shangazi yako, uieleze ilivyokuwa: nani alisema nini, ulikasirikia nini, na baadaye uligundua nini.