Timu Iliyokuwa Yetu

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mfanyakazi wa mjini uliyelelewa katika wilaya ya mbali, huenda nawe unayo siri kama hii yangu. Mimi ni mtu wa Rungwe. Nilizaliwa katika kijiji kisicho mbali na mji wa Tukuyu, mahali ambapo mvua hunyesha hata mgeni akadhani mbingu zimetoboka, na ambapo mgomba hauhitaji kubembelezwa ili uzae. Siri yangu ni kwamba niliiacha mkono timu ya mpira wa miguu, na kwa sababu hiyo nilikaa miaka mingi bila ya kuzungumza vema na kaka yangu.

Usicheke. Najua wapo watakaosema kwamba mpira ni mchezo tu, na kwamba ukurasa wa familia ungefaa kueleza malezi ya watoto au bei ya sukari. Lakini nyumba nyingi zimepata ufa kwa mambo madogo kuliko hili, nami naona heri niseme.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, ambayo wenyewe tuliiita Banyambala, iliingia katika ligi kubwa ya nchi ikiwa ngeni kabisa, ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara katika msimu huohuo. Ili uone uzito wa jambo hilo, kumbuka kwamba ubingwa ulikuwa umezoea kulala Dar es Salaam. Mseto ya Morogoro ilikuwa imeutwaa mwaka 1975, lakini zaidi ya hapo mazungumzo yalikuwa Simba na Yanga, Yanga na Simba, tena na tena. Halafu ghafla nchi nzima ikawa inatamka jina la mji wetu, mji ambao watu wengi waliufahamu kwa chai, ndizi na baridi tu.

Kaka yangu alikuwa na redio. Bara hatukuwa na televisheni wakati ule, wala hatukuipata mpaka miaka ya 1990, kwa hiyo hata Maradona aliyetikisa dunia mwaka huohuo sisi tulimsikia tu, hatukumwona. Betri zilikuwa adimu na ghali. Watu wa mikoa mingine walizianika juani ili zipate nguvu kidogo, lakini kwetu jua ni la kuazima, kwa hiyo kaka alizipanga kando ya mafiga, akizigeuzageuza kama mtu achomaye mahindi. Mama alinung'unika kwamba ipo siku zitalipuka na kumwaga chungu cha mbalaga. Hazikulipuka. Jioni ya mechi majirani walijaa uani, na mtangazaji wa Redio Tanzania alipopaza sauti, hata mbwa walinyamaza.

Nataka ufahamu pia jinsi timu ile ilivyokuwa yetu. Sisemi ilikuwa yetu kwa maana ya kuishangilia tu. Kaka alikuwa na shamba dogo la chai, na kila alipolipwa fedha za majani mabichi alitenga kiasi cha mchango. Mwingine alitoa mkungu wa ndizi, mwingine gunia la viazi. Timu ilipocheza Mbeya, watu walijipakia katika malori, wakapita Kiwira na Isongole wakiimba, wakateremkia Uyole sauti zimewakauka. Mara moja kaka alinichukua. Sikumbuki mabao ya siku ile. Nakumbuka koti lake, ambalo alinivika njiani wakati wa kurudi usiku, naye akabaki na shati peke yake katika baridi ile ya milimani.

Mwaka 1989 nilikuja Dar es Salaam kutafuta kazi, nikaipata kiwandani. Siku ya kwanza sikuulizwa kabila wala dini, niliulizwa: wewe Simba au Yanga? Nilijibu kwamba mimi ni Tukuyu Stars. Wakacheka sana, si kwa ubaya, bali kama mtu anavyomcheka mtoto. Nikasimama upande wangu mwezi mmodi, pengine miwili. Ndugu msomaji, upweke wa mjini ni kitu kigumu. Wenzangu walikuwa na mahali pa kukaa Jumapili, na mtu wa kumkopesha nauli, na wa kumzika akifa, na yote hayo yalipitia katika tawi la klabu. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa mwana Simba mwenye kadi.

Kaka alikuja kunitembelea mwaka 1993, wakati Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF. Ilikuwa imetoka sare bila ya bao ugenini dhidi ya Stella ya Abidjan, na sote tuliamini kwamba kombe limekwisha fika nyumbani. Nilimpeleka Uwanja wa Taifa, ule ambao leo unaitwa Uhuru. Simba ikafungwa mabao mawili kwa bila. Nililia mbele za watu kama aliyefiwa. Kaka aliniacha nilie mpaka tukafika chumbani kwangu, akavua viatu, akasema, "Mdogo wangu, Banyambala wakifungwa hulii hivi." Hakusema zaidi. Asubuhi alipanda basi. Tangu hapo tukawa ndugu wa salamu, misiba na harusi. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, basi.

Nimejitetea moyoni mara nyingi. Nilijiambia kwamba si mimi niliyeiangusha Tukuyu Stars, na kwa kiasi fulani ni kweli. Mchezaji mzuri wa wilayani huonekana mara, na akionekana huja mtu na fedha kutoka Dar es Salaam. Timu bingwa ya wilaya ni kama shamba lisilo na boma. Nauli nazo zilipanda, na safari kutoka Mbeya kwenda Mwanza au Bukoba haikuweza tena kulipwa kwa mikungu ya ndizi. Timu yetu ikashuka, na leo vijana wengi hawajui kama iliwahi kuwa juu. Coastal Union ya Tanga ilitwaa ubingwa mwaka 1988, na Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2025 ni Simba na Yanga tu, isipokuwa mwaka 2014 ambapo Azam ilichomoza, nayo pia ni ya Dar es Salaam.

Kisha ikaja pangapangua ya ligi zenyewe, ambayo kwa maoni yangu imechosha watu kuliko vipigo. Zamani mtu akisema "daraja la kwanza" alikuwa na maana ya kilele. Baadaye jina hilo likateremshwa kwenye ngazi ya pili, na sasa ngazi ya pili inaitwa Championship, ya tatu First League. Mzee wa kijijini anayeambiwa kwamba timu fulani imeingia "First" hudhani imeshika kilele, kumbe ingali bondeni. Idadi ya timu za Ligi Kuu imekuwa 14, ikawa 16, ikafika 20 msimu wa 2018/19, ikapunguzwa hadi 18, ikarudi 16. Ligi ya Muungano, iliyoanza mwaka 1982, ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Na timu zenyewe sasa zinahama! Ihefu ilikuwa ya Mbarali, jirani zetu wa bonde la mpunga. Mwaka 2024 ilihamishiwa Singida, ikabadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Wakati huohuo timu nyingine iliyokuwa ya Singida ilihamia Mwanza, kisha Babati, nayo inaitwa Fountain Gate. Nilipata kujiuliza: yule mama wa Mbarali aliyekuwa akiuza karanga langoni, akiambiwa leo aishangilie Ihefu, atatazama upande gani?

Wala si sisi peke yetu. Huko Marekani vyuo vikuu vina mpira wao wa kushika kwa mikono, unaojaza viwanja kuliko timu nyingi za kulipwa, na kila chuo kilikuwa katika ligi ya majirani zake. Mwaka 2024 vyuo vya Stanford na California, vilivyo upande wa Bahari ya Pasifiki, viliingia katika ligi yenye jina la Pwani ya Atlantiki. Sababu kubwa ilikuwa fedha za televisheni. Wapo mashabiki wa huko wanaolalamika kwamba watani wao wa karne nzima wamepotea na moyo umewapoa. Nilipolisikia hilo nilitamani kaka naye alisikie.

Sisemi kwamba fedha za televisheni ni dhambi. Mkataba wa Azam Media wa mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, umewapa wachezaji mshahara, na mchezaji ni mfanyakazi kama mimi. Lakini televisheni hiyohiyo ndiyo imeleta Ulaya Tukuyu. Ukipita jioni utawakuta vijana wamebanana katika kibanda umiza wakigombana juu ya Arsenal na Manchester United, kila mmoja na mkeka wake wa kamari mfukoni.

Mwaka 2013 Mbeya City ilipopanda, kisha ikamaliza msimu katika nafasi ya tatu, simu yangu iliita usiku. Alikuwa kaka. "Umewaona?" akaniuliza. Tulizungumza robo saa, jambo ambalo hatukulifanya kwa miaka ishirini. Lakini alipoona nimefurahi kupita kiasi alinikata: "Hao ni watoto wa jirani. Si wetu." Timu hiyo ilishuka mwaka 2023 na kurudi Ligi Kuu mwaka 2025. Safari hiyo hakupiga simu, kwa kuwa masikio yake yamekuwa mazito. Nilipanda basi nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta amekaa barazani na blanketi begani. Shamba la chai analiangalia mwanawe. Mjukuu alipita na fulana ya Chelsea, kaka akamtazama kama mtu atazamaye mgeni aliyepotea njia. Nilitaka kuomba radhi, ndugu msomaji, na nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Makambako, lakini mtu mzima hajui aanzie wapi. Nikasema tu, "Kaka, nilisikia vijana wanacheza leo."

Akaitisha fimbo yake. Tulikwenda polepole hadi kwenye kiwanja cha shule, ambako vijana wa vitongoji viwili walikuwa wakicheza, wengine pekupeku. Hapakuwa na kiingilio wala jukwaa. Kaka hakumfahamu mchezaji hata mmoja, lakini kila aliyegusa mpira alimwuliza mtu wa karibu, "Huyu wa nani?" Akiambiwa jina la baba, alitikisa kichwa na kusema kwamba hata babu yake alikuwa na mguu huo wa kushoto.

Mvua ikaanza, kwanza ya manyunyu, kisha ile yetu yenyewe. Watazamaji wakakimbilia chini ya mapaa ya madarasa. Nilimwambia kaka twende, akasema bado dakika kumi. Nikavua koti langu nikamfunika. Akalishika kola, akalipapasa kitambaa, akaniuliza nimelinunua kiasi gani huko Dar es Salaam. Nikamtajia. Akasema nimeibiwa, halafu akanyoosha fimbo uwanjani kwa sababu kijana wa winga ya kulia alikuwa amebaki peke yake, na hakuna aliyekuwa akimwona.