Gramu 20 za Maji

Juni 1995 nilikuwa mwanafunzi jimboni Iowa, Marekani. Kibarua changu cha likizo kilikuwa kushinda ndani ya tela kando ya daraja lililokuwa likijengwa katikati ya mashamba ya mahindi, nikipika zege kwenye maikrowevu. Nasema kupika kwa sababu wote pale tulisema hivyo. Oveni yenyewe ilikuwa ya jikoni, wati 900, na ilikuwa na kitufe chake cha bisi.

Dar es Salaam, nilikokuwa fundi sanifu wa maabara, unyevu wa mchanga tuliupima kwa kuukaanga kwenye karai juu ya jiko la gesi. Zege bichi tulilipima kwa koni: unajaza tabaka tatu, kila moja unaishindilia mara 25, unanyanyua koni, unatazama rundo limeporomoka kiasi gani. Koni inakuonyesha kama zege ni laini. Haikuonyeshi kama ulaini huo ni wa dawa iliyotiwa kiwandani au ni wa maji ambayo dereva ameyafungulia njiani ili mzigo ushuke bila kero. Hapo ndipo ugomvi wote wa saiti ulipoanzia, kwetu na kwao. Maji yanayozidi mahitaji ya saruji hukauka yakaacha vitundu, na zege la vitundu halina nguvu.

Lile jaribio la maikrowevu lilikuwa bado geni. Lilitokana na mradi mkubwa wa utafiti wa barabara kuu za Marekani, wa 1987 hadi 1993, uliogharimu dola milioni 150. Unachota gramu 1,500 za zege, unazifunga kwa kitambaa cha nyuzi za kioo ndani ya sinia la kioo, unawasha dakika 5. Unatoa, unavunjavunja madonge kwa mwiko, unasaga kwa mchi, unarudisha dakika 5 nyingine. Baada ya hapo dakika 2, unapima. Dakika 2, unapima, mpaka mizani isishuke hata gramu 1. Uzito uliopotea ndio maji. Mawimbi yale hutetema mara bilioni 2.45 kila sekunde, na chembe za maji zikihangaika kuyafuata, joto linazuka humohumo ndani ya zege. Oveni ya kawaida ingechukua saa nyingi, na saruji haisubiri: ingekuwa imeshayafunga maji mengine ndani yake.

Kitambaa kile nilikidharau hadi siku jiwe moja lilipopasuka kwa kishindo ndani ya oveni. Mvuke ulikuwa umekosa pa kutokea. Msimamizi wangu akacheka, akaniambia kwamba huko Oak Ridge, Tennessee, watafiti walikuwa wakiutumia mvuke huohuo kubandua uso wa sakafu za zege zilizochafuliwa na mionzi ya nyuklia. Niliondoka pale nikiiona oveni ile kama kitu kisichokosea.

Wiki ya pili akaja dereva mmoja, mtu mzima, mwenye kofia iliyoganda saruji ukingoni. Nikachota, nikapika. Mizani ikaonyesha zimepotea gramu 122. Nikapiga hesabu: maji kwa saruji, 0.55. Kikomo chetu kilikuwa 0.48. Nikamwita mkaguzi, mzigo ukakataliwa. Yule mzee akaapa hajagusa bomba. Akanitazama mimi, si mkaguzi, akapanda lori lake likaondoka huku pipa likizunguka, zege zima likienda kumwagwa.

Siku mbili baadaye msimamizi alipitia fomu zangu, kidole chake kikasimama kwenye safu moja niliyoiacha tupu: maji yaliyofyonzwa na kokoto. Kokoto za pale zilikuwa za mawe ya chokaa, zinazofyonza kama asilimia 3. Mita moja ya ujazo ya zege letu ilibeba kilo 1,050 za kokoto hizo. Ndani yake kulikuwa na kilo 31 za maji ambayo hayana habari na saruji wala hayaipunguzii nguvu. Oveni haibagui. Inakausha maji ya uji wa saruji na ya tumboni mwa jiwe sawasawa, na ni kazi ya binadamu kutoa. Kwenye sinia langu tofauti ilikuwa gramu 20, funda moja tu. Nilipotoa, nikapata 0.46. Mzee alikuwa safi.

Hakuna aliyeniagiza nimfuate. Nilimsubiri zamu ya asubuhi, nikamwendea mlangoni mwa lori na ile fomu mkononi, nikaanza kumweleza habari za kokoto, asilimia, na ile safu. Nilisema mengi mno, kwa Kiingereza kilichokuwa kikinikimbia. Alisikiliza hadi mwisho bila kuitazama fomu. Kisha akanyoosha mkono ndani, akatoa kikombe cha kahawa iliyopoa, akaniuliza kama ile mashine yangu inaweza japo kuipasha moto.

Kuweka chakula au kinywaji mle kulikuwa marufuku, na tangazo lilibandikwa mlangoni. Nikapokea kikombe. Nikapangusa vumbi la saruji kwa kiganja, nikageuza swichi, dakika 1.