Msumari, Msasa na Unga wa Kalamu

Mchezo wa kushindanisha vimotokaa vya mbao ulianza Marekani mwaka 1953, katika mji wa Manhattan Beach, California. Bwana Don Murphy, kiongozi wa skauti wadogo, alikuwa na mwana aliyetamani sana kuingia katika mashindano ya magari ya mbao ambayo watoto hupanda na kuteremka nayo mlimani, lakini umri wake ulikuwa haujatimia. Basi babaye akabuni kigari kidogo cha kuchongwa kwa kipande cha msonobari, chenye magurudumu manne, na misumari minne ndiyo ekseli zake. Hakina injini. Huachiliwa juu ya ubao ulioinama, kikashuka kwa uzito wake chenyewe, na uzito huo hauruhusiwi kuzidi aunsi 5, yaani kama gramu 142.

Mwanangu ni skauti wa daraja la Sungura hapa Ruiru. Kiongozi wao alipowaagiza wachonge vigari vya kushindana huko Thika, nyumba yetu ilijaa takataka za randa kwa majuma matatu. Magurudumu tulikerezewa kwa mti na fundi mmoja wa Thika. Mengine yote yalikuwa kazi ya mtoto, nami nikimshikia taa.

Wazazi wengi hushughulika na rangi na umbo. Lakini vigari vyote vina uzito karibu mmoja na mteremko wao ni mmoja. Kwa hiyo siri kubwa imo pale gurudumu linapokutana na msumari. Msumari wa dukani waonekana laini, kumbe sivyo. Mashine iliyoutengeneza huacha vijino chini ya kichwa na mikwaruzo shingoni, na kila kijino ni breki. Kwanza yafaa kuubingirisha juu ya kioo: ukirukaruka, umepinda, utafute mwingine. Kisha huondolewa vijino kwa tupa, na baadaye hufungwa katika keekee, mmoja azungushe na mwingine aushike kwa msasa uliolowa maji, tangu ule mkali hata ule mwororo kabisa. Mwisho tuliung'arisha kwa kitambaa na dawa ya meno.

Ugomvi ulikuja juu ya kulainisha. Mimi nilisema tutie unga wa grafiti. Baba yangu, ambaye ni babu na wajina wa mtoto huyu, aliingia kazini zamani za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika mwaka 1977, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutia mafuta katika ekseli za mabehewa. Alipoona kalamu ya risasi ikikwanguliwa juu ya karatasi, alisimama.

“Wajina,” akamwambia mtoto, “chuma hunywa mafuta. Behewa likikosa mafuta, ekseli huwaka moto. Nimeyaona kwa macho yangu. Tangu lini chuma kikalishwa masizi?”

Mtoto akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Kwetu mzee hapingwi mbele ya mjukuu wake, nami nikanyamaza. Mtoto mwenyewe ndiye aliyesema, “Babu, tujaribu yote mawili.”

Tukatia mafuta ya cherehani katika gurudumu moja, na unga wa kalamu katika la pili, tukayazungusha kwa kidole. Siku ile hayakupitana sana. Tukayaacha dirishani usiku kucha, na msomaji anayekaa Ruiru wakati wa kiangazi hana haja ya kuelezwa juu ya vumbi letu jekundu. Asubuhi lile la mafuta lilikuwa limevimba tunduni, kwa maana mti ulikuwa umeyanywa, na vumbi limegeuka tope. Lile la unga lilizunguka kama jana.

Sababu yake haina uchawi. Grafiti imeumbwa kwa tabaka nyembamba ziteleazo moja juu ya nyingine kama karata, wala haishiki vumbi kama mafuta. (Kalamu tuiitayo ya risasi haina risasi hata kidogo, ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Ile laini, kama 6B, ina udongo mchache kuliko HB, na udongo hukwaruza. Unga wautumiao mafundi wa kufuli ni bora zaidi.)

Baba alilizungusha gurudumu lile mara nne au tano. “Behewa ni tani,” akasema, “na hiki ni gramu.” Hakuongeza neno. Akaenda chumbani kwake, akarudi na tupa ndogo ya zamani, akapitisha ukucha chini ya kichwa cha kila msumari. “Hapa pangali na jino.” Nusu saa nzima alimfundisha mtoto kuisukuma tupa upande mmoja tu, asiirudisherudishe kama msumeno.

Huko Thika vilikuwako vigari vilivyong'aa kama magari ya maharusi, na wenye navyo hawakujua hata tundu la ekseli lilitobolewa kwa nini. Naona vigari vya namna hiyo vishindanishwe na mafundi waliolipwa kuvitengeneza, watoto wakae pembeni. Chetu kilishinda mara tatu, kisha kikapitwa, kwa urefu wa kidole, na kigari cha binti mmoja kutoka Juja, kisichopakwa rangi yoyote.

Mwanangu alikuwa karibu kulia. Babu yake hakumwendea. Alikwenda moja kwa moja kwa yule binti, akaomba ruhusa, akalizungusha gurudumu, akamwuliza ametia nini.

“Unga wa kalamu, babu. Na kwanza nilisugua nta ya mshumaa ndani ya tundu.”

Tulipokuwa katika matatu kurudi Ruiru, baba alituuliza kama nyumbani kumesalia mshumaa.