Akitoka hospitali, atalala wapi?

Katika kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze, mjini Bunia, kuna mama anayelala kila usiku mlangoni mwa kibanda chake. Mdogo wake anaumwa akili kwa miaka mingi, na usiku huamka akataka kutoka. Tangu Mei 2021 jimbo la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mtu anayetembea gizani bila kujibu anapoitwa anaweza kudhaniwa mpiganaji. Basi dada akisikia bashi linasukumwa, anamshika mguu. Yeye humwita yaya na kumwomba amwache aende shambani. Shamba lenyewe lilibaki Djugu walipokimbia mwaka 2018.

Hospitali amelazwa mara tatu. Kila mara anarudi ametulia, anasalimia majirani, anachota maji. Baada ya muda anaacha vidonge. Watu husema ni mkaidi, lakini dawa hizo zinaongeza njaa, na pale kambini sahani ya bugali ni moja kwa siku. Nani ameze dawa ya kumwongezea njaa? Halafu kelele usiku kucha, watoto wanamcheka, bashi linavuja. Ndugu wengine walishauri apelekwe kwenye chumba cha maombi, ambako wagonjwa hufungwa mnyororo. Dada alikataa.

Muganga anapomruhusu mgonjwa kurudi nyumbani, anafikiri nyumba ipo. Hapo ndipo shida ya Bunia ilipo. Bukavu kuna kituo cha Sosame, kilichoanzishwa na Ndugu wa Upendo mwaka 1994. Lakini Bukavu ni mbali sana, na hata hospitali nzuri lazima itoe kitanda kwa mwingine. Mtu wa ugonjwa wa kudumu anahitaji mahali pa kukaa miezi, pengine miaka, ajifunze tena kupika, kulima na kumeza dawa kwa saa yake.

Si jambo la mabilioni. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, Nigeria, muganga Thomas Adeoye Lambo aliwapangia wagonjwa vyumba katika vijiji vya jirani. Kila mmoja alikuja na ndugu wa kumpikia. Walipata matibabu hospitalini, kisha wakalima pamoja na wanakijiji, na wenye nyumba walilipwa kodi. Kulinda mgonjwa na kumpikia ni kazi ambayo familia za Kongo zinaifanya hospitalini kila siku. Kinachokosekana hapa ni chumba, kipande cha shamba na muuguzi wa kupita.

Wapo wanaouliza: wazima wanalala kwenye matope, wenye kichaa wajengewe nyumba? Swali si baya. Lakini dada huyu alikuwa akifua nguo za watu mjini ili apate chakula. Siku hizi haendi, maana hakuna wa kumlinda mdogo wake. Ugonjwa wa mmoja umewanyima wawili kazi, pamoja na watoto wanaowategemea.

Nyuma ya kibanda amemwachia sehemu ndogo, upana wa mkeka mmoja, akapanda lengalenga. Yeye hupalilia asubuhi, hupalilia tena jioni, hata pasipo na majani. Akiwa pale, dada yake anapata saa moja ya kusinzia.