Ua la Ua na Chozi Asiyefutwa

Mwanafunzi yeyote wa isimu anajua kwamba homonimu nyingi hubainishwa na upatanisho wa kisarufi. Ua limechanua, ua umezunguka nyumba. Chozi limedondoka, chozi ametua. Mifano hii niliisoma darasani, lakini uhai wake niliuona kwenye kichaka kimoja nyumbani kwetu, viungani mwa mji wa Thika.

Baba alipofariki mwaka wa 2014, jamaa walimshauri mama ajenge ukuta wa mawe na kuupachika vipande vya chupa juu. Mjane, walisema, hakai mahali peupe. Mama aliwasikiliza kwa adabu, kisha akaniambia faraghani kwamba pesa za ukuta ndizo karo ya wadogo zangu. Tutapanda ua.

Mmea tulioupanda wanabotania huuita Tecomaria capensis, na asili yake ni kusini mwa Afrika. Hauhitaji mbegu. Tulikata matawi yaliyokomaa, unene wa penseli na urefu wa shubiri, tukayachomeka ardhini mvua za masika zilipoanza, mahali penye jua na udongo usiotuamisha maji. Tawi lake likilala chini hutoa mizizi, hivyo pengo hujizibika lenyewe. Kuupogoa ni baada ya kuchanua, kwa sababu maua hutokea kwenye ncha za machipukizi mapya. Anayeukata ovyo kila wiki huambulia majani matupu.

Waama, kizuri chajiuza. Maua yalipotokea, mekundu yenye kukaribia rangi ya chungwa, chozi walifika bila kualikwa. Ua lenyewe ni mrija uliopinda, na mdomo wa chozi nao umepinda. Anapouingiza kufyonza mbochi, yaani maji matamu ya ua, chavua humganda kichwani, naye huipeleka kwenye ua jingine. Dume mmoja alikuwa na kifua chekundu kama kaa la moto. Jike wake alivaa rangi ya udongo. Mama, ambaye kwa miezi kadhaa hakuwa akiketi nje, alianza kunywea chai yake barazani ili awatazame.

Mmea huu umevuka bahari. Huko Florida na California hupandwa ili kuwavutia ndege wavumaji, jamii inayopatikana katika mabara ya Amerika pekee. Hao hunyonya wakiwa wanaelea hewani, tena huweza kuruka kinyumenyume. Chozi wetu kwa kawaida hutua kwanza tawini. Hawana udugu wa karibu. Wamefananishwa na kazi. Kwa hivyo mfasiri anayemwita ndege yule wa Marekani chozi amempa mgeni jina la mwenyeji, na msomaji atakosa kumjua yule na huyu.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili kwetu sisi wapenzi wa Kiswahili. Wengi wetu tukisikia chozi tunawaza jicho tu. Tunalaumu kamusi, ilhali neno hudhoofika pia kiumbe chake kinapotoweka machoni mwa wasemaji. Kila ua wa miti unapong'olewa ili ukuta usimame, chozi hupoteza chakula. Hali kadhalika, dawa za kuua wadudu zinaponyunyizwa maua, makinda yake hukosa wadudu na buibui wanaolishwa na wazazi wao. Kuhifadhi msamiati, basi, si kazi ya kalamu peke yake. Jembe nalo lina sehemu yake.

Wadogo zangu wamemaliza shule, na ukuta haujajengwa. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka minne husimama dirishani asubuhi na kusema, "Nyanya, chozi amekuja." Hajafundishwa ngeli na mtu yeyote, wala hajawahi kusema limekuja.