Hori ya Mida: Kuwatazama Ndege Bila Kuwabughudhi

Kusini mwa Malindi, karibu na mji mdogo wa Watamu katika Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, bahari imeingiza mkono wake nchi kavu na kufanya hori pana iitwayo Mida. Kingo zake zimezungukwa na mikoko, michu na mikandaa. Upande wa bara umesimama msitu wa Arabuko-Sokoke, na mwendo mfupi kutoka hapo yapo magofu ya Gede, mji wa kale wa Waislamu wa pwani, ambao mihrabu ya msikiti wake mkuu ingali yaonekana. Familia nyingi hufika Gede, zikatazama magofu, kisha zikarudi makwao. Ni chache zinazosogea hadi Mida, ambako maji yakipwa hukutanika maelfu ya ndege wageni.

Wageni hao hutoka mbali. Wamo vitwitwi waliozaliwa Siberia, na sululu wenye midomo mirefu iliyopinda. Yumo pia ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama kisu, ambaye huzaliana katika fukwe na visiwa vya Bara Arabu, Ghuba na Somalia. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja. Mazazi yakiisha huteremka pwani yetu, na huonekana kwa wingi katika msimu wa kaskazi, pepo zile zile zilizokuwa zikileta majahazi ya Omani.

Mwenye kutaka kuwaona na ahesabu siku za mwezi, jambo jepesi kwa familia inayofuata kalenda ya Hijria. Mwezi unapoandama na unapopevuka, bahari huwa na bamvua. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na ndege hutawanyika mbali kwenye matope. Kuanzia adhuhuri maji hupanda na kuwasukuma kuelekea mikokoni, hata ikikaribia alasiri huwa wamesongamana karibu na ukingo. Basi familia yaweza kuzuru Gede asubuhi, ikaswali Adhuhuri, kisha ikaenda horini kwa utulivu.

Mikokoni pana njia ya mbao iliyoning'inizwa kwa kamba, yenye urefu wa zaidi ya mita 200, inayofikisha kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada ya kuingia husaidia karo za watoto wa sekondari kutoka vijiji jirani. Kwa hiyo kila ndege anayeendelea kuja Mida ana sehemu yake katika elimu ya watoto hao.

Hapa ndipo penye mtihani. Hata maji yajaapo, ndege hawa ni wadogo na wako mbali. Mwenye kamera au simu hushawishika kushuka matopeni awasogelee, nao huruka. Kwetu ni picha iliyokosekana, lakini kwao ni chakula kilichokatizwa. Mwezi wa Machi na Aprili hula kwa bidii ili wajaze mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, na kila wanaporushwa hutumia yale mafuta waliyoyachuma. Sisi tuliofunzwa katika Suratul-An'aam kwamba ndege nao ni umma kama sisi, na tunaoikumbuka hadithi ya Mtume (s.a.w.) alivyoamuru makinda yarudishwe kwa mama yao aliyehangaika, hatuna udhuru wa kuwabughudhi kwa ajili ya picha.

Njia ya kuwaona bila kuwasogelea ni kioo chenye kukuza. Tatizo la kioo hicho ni kwamba hukuza pia mtetemo wa mkono. Darubini ya jicho moja inayokuza mara 20 hadi 60 haishikiki mkononi, na lenzi ndefu ya milimita 600 huchosha mabega na kuharibu picha. Kinachohitajika ni stendi ya miguu mitatu, yaani tripodi. Wazee wetu walisema jifya moja haliinjiki chungu. Hata kamera yataka mafiga matatu.

Katika kuichagua, mtu asianze na bei. Aanze na uzito wa kitakachowekwa juu yake, kisha achukue stendi inayobeba zaidi ya hapo kwa nafasi ya kutosha. Zile nyepesi za simu hutikisika kwa upepo wa kaskazi, na zikianguka huangusha kitu chenye thamani mara nyingi zaidi yake. Miguu yenye vipande vitatu huwa imara kuliko yenye vinne au vitano, ijapokuwa hii ya pili hukunjwa ikawa fupi. Alumini ni nafuu na imara lakini nzito. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na hupunguza mtetemo, ila bei yake ni kubwa. Atakayetembea kidogo kutoka garini hana haja ya kugharimika kwa kaboni.

Kimo kitoshe macho ya mrefu wa familia bila kuinua nguzo ya kati, maana nguzo ikiinuliwa uimara hupungua. Makufuli ya miguu nayo yawe mepesi kufunguka, ili stendi ishushwe upesi kwa mtoto au kwa bibi aliyeketi. Hii ndiyo baraka yake kubwa kwa familia: darubini ikishaelekezwa, wote hupokezana kumtazama ndege yule yule. Kichwa cha stendi kwa kazi hii kiwe kile chenye mpini, kinachogeuka taratibu kwa ulaini. Kichwa cha duara hufaa picha za kawaida, lakini lenzi nzito yaweza kukiinamisha ghafla.

Juu ya mbao za Mida pana jambo la kuzingatia: njia hutikisika kila mtu apitapo, na hakuna stendi iwezayo kuzuia hilo. Ni heri kusubiri hadi kibandani na kuwaomba watoto watulie. Kwenye mchanga, kipande cha chini kivutwe kidogo ili makufuli yawe juu ya matope. Jioni miguu ioshwe kwa maji baridi na kukaushwa, kwani chumvi hula skrubu.

Asiye na uwezo wa kununua asijilaumu wala asikope. Mfuko wa kitambaa uliojazwa maharage, ukilazwa kwenye dirisha la gari lililozimwa injini au juu ya ukuta, hushika kamera vizuri, na maharage yenyewe hayapotei.

Mzazi anayewafunza wanawe kusimama mbali, kunyamaza na kungoja, amewafunza adabu itakayowafaa hata wasipokuwa na kamera. Ndege nao watakula washibe, na bamvua za msimu ujao, inshaallah, wataonekana tena Mida.