Wanafunzi Wawili Tu

Wazee wenzangu wa Dar es Salaam wakiuzungumzia mwaka 1983 husimulia msako wa wahujumu uchumi, foleni za sukari na sabuni, unga wa njano uliobatizwa yanga. Mimi husimulia mabasi. Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili, tunakaa Manzese, shule yangu iko katikati ya mji, na uamuzi ambao Serikali iliufanya kuhusu usafiri wa jiji ulinigusa kuliko uhaba wa sukari. Watu wengi walipata nafuu, hilo silikatai. Ila sisi tuliovaa sare za shule ulitufanyia jambo ambalo wasimulizi wa zama zile hulipita haraka, kwa sababu wengi wao walikuwa watu wazima wenye nauli kamili mfukoni.

Vijana huniuliza kwa nini mtoto wa Manzese hakusoma Manzese. Sekondari zilikuwa chache. Shule za kata, zilizoenea nchini katikati ya miaka ya 2000, hazikuwapo. Ukifaulu darasa la saba, Serikali ilikupangia shule, nawe ukaenda. Kwa sisi tuliopangiwa shule za kutwa, kwenda huko kulikuwa na njia moja, Barabara ya Morogoro: Manzese, Magomeni, bonde la Jangwani, Fire, kisha mjini. Kwa miguu ni mwendo wa saa moja na zaidi, na siku mbaya tuliukata hivyohivyo, viatu mkononi ili visiishe soli.

Mabasi ya jiji yalikuwa mikononi mwa shirika moja. Kampuni ya zamani, DMT, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikagawanywa: mabasi ya mikoani yakaenda KAMATA, ya mjini yakaenda UDA. Baba yangu alifanya kazi bandarini na aliikumbuka kwa mapenzi miaka ya mwanzo ya UDA. Alisema ulikwenda kituoni, basi likaja, ukapanda, ukakaa. Kisha mji ukalizidi shirika. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 356,000 katika eneo la Dar es Salaam. Ya 1978 ikahesabu zaidi ya 840,000. Mwaka huohuo wa 1978 vita ya Idi Amin ikatuingilia, mwaka uliofuata mafuta yakapanda bei duniani, fedha za kigeni zikaadimika, na basi lililovunjika kipuri likalala gereji kwa sababu nchi haikuwa na dola ya kukinunulia. Nilipoanza kidato cha kwanza, mwaka 1982, yale aliyoyasimulia baba yalikuwa hadithi za kale.

Sisi wa Manzese tulikuwa na taabu yetu ya peke yake. Basi lilianza safari Ubungo au Kimara, likatufikia limeshajaa. Dereva aliyekuwa na abiria wa kushuka hakusimama kituoni. Alikwenda kusimama hatua nyingi mbele, abiria wake wakateremka upesi, na sisi tukalikimbilia kundi zima, akina mama wamekunja khanga, wanaume wameshika makoti, wanafunzi tumekumbatia madaftari. Wenye nguvu waliwahi mlango. Wengine walipitia dirishani. Waliokosa vyote walidandia, mguu mmoja ngazini na mkono mmoja kwenye bomba. Yale Ikarus marefu kutoka Hungaria, yenye kiungio katikati, watu waliyaita kumbakumba, nayo kweli yalikumba: karani wa wizara, fundi wa Kiwanda cha Urafiki anayerudi kutoka zamu ya usiku, mama anayewahi samaki Feri, mwanafunzi, wote kifua kwa mgongo. Vifungo vilikatika. Niliwahi kuteremka mjini na kiatu kimoja, na mama mmoja nisiyemjua akanivulia ndala zake, akaniambia, "Wewe una shule, mwanangu. Mimi naenda sokoni tu."

Baba alinifundisha kugeuza nalo. Yaani unavuka barabara, unapanda basi linalotoka mjini kwenda Ubungo, ambalo asubuhi huwa na nafasi, unafika nalo mwisho wa safari na kurudi nalo umekaa. Ulilipa nauli mara mbili na kuamka mapema zaidi, lakini ulifika. Mpaka leo watu wa Dar es Salaam wanageuza na magari, na kila nikiwaona namkumbuka baba yangu akinishika mkono kuvuka Barabara ya Morogoro gizani.

Nasema haya bila kuyapamba. Ilikuwa ni adha, na wanawake tuliipata mara mbili, kwa kuwa katika msongamano ule mikono ya watu wasio na haya ilifanya kazi yake. Lakini jambo moja sikuwahi kuliona katika mabasi yale: sikuwahi kuona mwanafunzi akizuiwa mlangoni kwa sababu ni mwanafunzi. Konda alikuwa mwajiriwa wa shirika, ana mshahara. Basi lijae wanafunzi au lijae mabwana wa benki, mwisho wa mwezi alipokea kilekile. Alikata tiketi yangu ya nauli pungufu kwa uso uleule aliokatia tiketi ya baba.

Halafu ikaja 1983. Magari ya watu binafsi yalikuwa yakipakia kwa kificho tangu nyuma, asubuhi na jioni, yakikwepa polisi. Mwaka ule, Edward Moringe Sokoine akiwa Waziri Mkuu, Serikali ikayaruhusu. Ghafla kituo chetu kikawa na sauti. Vijana waliita "Dala! Dala!", yaani shilingi 5, nauli iliyoizidi mbali ile ya shirika, na magari yenyewe yakaitwa daladala. Yalikuja magari ya kila namna, yakiwamo mapikapu yaliyofungwa mabenchi nyuma, abiria mkitazamana magoti kwa magoti, tukayaita chai maharage. Bajeti ya 1984 ikawaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, magari yakaongezeka tena. Mama yangu, aliyekuwa akiuza vitenge, sasa aliweza kwenda Kariakoo na kurudi kabla jua halijawa kali. Alimwombea dua Sokoine, na alipofariki kwenye ajali Aprili 1984 mama alilia kama aliyefiwa na ndugu.

Katika miezi hiyohiyo nilianza kusikia maneno ambayo ningeyasikia maisha yangu yote: "Wanafunzi wawili tu!"

Gari linasimama. Tuko wanafunzi kumi na zaidi na watu wazima wachache. Konda ananyoosha mkono mlangoni, anahesabu kwa macho, anaingiza watu wazima wote, kisha anachagua wawili katika sisi. Nafasi ipo, tunaiona. Gari linaondoka. Linakuja jingine, konda anatazama sketi zetu za bluu na mashati meupe, anagonga bati mara mbili, dereva hasimami kabisa. Tukajifunza kuvaa khanga juu ya sare. Wavulana walificha mashati ndani ya sweta. Wengine waliagana na nauli ya mwanafunzi, wakalipa ya mtu mzima kila walipoipata, na siku wasipoipata hawakuja shule. Msongamano wa UDA ulimbana kila mtu. Huu mpya ulichambua watu.

Kwa muda mrefu niliwachukia makonda. Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, mzee aliyefanya kazi hiyo kwenye ruti ya Ubungo tangu ujana wake. Jioni moja barazani kwake nilimuuliza.

"Shikamoo, mzee. Sisi wanafunzi tuliwakosea nini nyie?"

"Marahaba, mwalimu. Hebu kaa." Akanisogezea kigoda. "Tajiri alitaka hesabu yake jioni. Mafuta juu yetu, pancha juu yetu, trafiki akikamata juu yetu. Kinachobaki baada ya hesabu ndicho chakula changu na cha suka wangu. Siku nyingine hakibaki kitu. Sasa Serikali inasema mwanafunzi alipe kidogo. Sawa, ni mtoto wetu. Lakini ile iliyopungua alilipa nani? Serikali hailipi, tajiri halipi. Nalipa mimi. Nikibeba wanafunzi kumi, wanangu mimi wanalala na uji."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo naamini alisema kweli. Punguzo la mwanafunzi liliandikwa na wakubwa, likabebeshwa mtu asiye na mkataba wala mshahara, anayeweza kuachishwa kazi jioni hiyohiyo na nafasi yake kuchukuliwa na deiwaka, kibarua wa siku. Trafiki alitumwa kumkamata konda anayeacha wanafunzi. Sikuwahi kusikia tajiri aliyeitwa kueleza kiwango cha hesabu anachotaka.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao ni mzito kuusema. Kiti cha mbele, karibu na dereva, hakikuwa cha wanafunzi wote. Kilikuwa cha msichana aliyependeza machoni pa dereva au konda. Huyo hakuzuiwa mlangoni, hakudaiwa nauli, alifika shule mapema na sare yake imenyooka. Nasi tuliobaki kituoni tulimwonea wivu, maana tulikuwa watoto na tulichokiona ni kiti. Rafiki yangu wa dawati moja alianza kukaa mbele tukiwa kidato cha tatu. Alikuwa bingwa wa hisabati. Ndiye aliyenifundisha logi mpaka zikaniingia. Kabla mwaka haujaisha tumbo lilianza kuonekana, na kama ilivyokuwa kwa kila msichana mjamzito nchini enzi hizo, akafukuzwa shule. Dereva alihamia ruti nyingine. Ni mwezi Novemba 2021 tu ndipo Serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi darasani. Yeye wakati huo alishakuwa na wajukuu. Nilipomweleza habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama hizo hisabati za sasa bado zina logi.

Nilikuwa mwalimu katika jiji hilihili mpaka nilipostaafu, nikaona magari yakibadilika sura: Hiace tulizoziita vipanya, ambamo aliyesimama alisimama ameinama, kisha DCM, kisha Coaster, yakapakwa mistari ya rangi kuonyesha njia, mamlaka za leseni zikabadilika majina. Wito wa mlangoni haukubadilika. Asubuhi nilikaa getini na daftari la wachelewaji, na kwa kuangalia makazi yao nilijua kilichowakuta. Wa Mbagala na Gongo la Mboto walikuwa wengi siku zote. Walimu wenzangu walitaka wachapwe. Nilikataa kumchapa mtoto aliyesimama kituoni tangu saa kumi na moja alfajiri, na nilikataa kwa sauti, kikao baada ya kikao, mpaka zamu yangu ya getini ikaanza kuombwa na watoto wenyewe. Jambo lililonikera zaidi ni semina nilizohudhuria kuhusu mahudhurio hafifu ya wasichana. Tulijadili taulo za kike, tukajadili umaskini wa wazazi, na yote hayo ni kweli. Nilipotaja daladala niliambiwa hilo ni la wizara nyingine.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza katika barabara ileile ya ujana wangu, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na daladala za njia hiyo zikapelekwa kwingine. Nauli ya mtu mzima ilipangwa shilingi 650, ya mwanafunzi 200. Pigeni hesabu aliyoniambia jirani yangu: wanafunzi watatu hawafikii mtu mzima mmoja. Lakini humo nauli inalipwa kituoni kabla ya kupanda, mlangoni hakuna konda mwenye hesabu ya tajiri kichwani, na dereva hajui nani amelipa nini. Watu wanalalamika kuhusu mwendokasi, na wana haki. Mabasi ni machache kuliko watu, vituo hufurika, Jangwani ikijaa maji njia hukatika, na pale Kimara asubuhi nimeona msukumano ambao baba yangu angeutambua mara moja. Ningependa mabasi yaongezwe, na nimelisema hilo kila mahali walipokubali kunisikiliza. Ila wanaotaka magari binafsi yarudishwe barabarani kama dawa ya foleni, nawauliza kwanza watoto wataingilia mlango gani, na tofauti ya nauli yao italipwa kutoka mfuko wa nani.

Mjukuu wangu anasoma mjini na anakaa nami Kimara. Wiki iliyopita alirudi jioni amechoka, kola imekunjamana, akatupa begi kwenye kochi.

"Bibi, leo nimebanwa mpaka nimekosa pumzi. Mabasi mawili yamenipita."

"Yamekupita kwa nini? Kuna mtu alikuzuia mlangoni?"

Akanishangaa. "Anizuie kwa nini? Watu tu walikuwa wengi."

Nikamwambia avue sare niifue, ale, kisha anipe daftari la hisabati tuone amefika wapi.